Mfuko Wenye Uzi Mweusi

Mama mkwe wangu hajui kupika chakula cha watu watatu. Si kwamba hataki, ni mkono wake ndio haujui. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na watoto mia nne walimwita Mama Upawa kwa sababu ya upawa wake wa mbao, ambao mpini wake uliwazidi kimo baadhi yao. Mtu kama huyo ukimwomba apike wali wa watu watatu, atapima vikombe vitatu, atavitazama sufuriani, ataona haya, kisha ataongeza vingine vitano.

Watu watatu wenyewe ni yeye, mwanawe ambaye ni mume wangu, na mimi. Nyumba ni yake. Mimi niliingia kwa ndoa, nikapewa chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, nikaweka humo cherehani yangu, meza ya kukatia na pasi. Mume wangu ni fundi bomba; hutoka asubuhi na mfuko wa spana, hurudi jioni suruali imelowa mpaka magotini. Anakula vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hata yeye hawezi kula kwa niaba ya bweni zima.

Ndiyo maana tuna friza. Imekaa kwenye korido kati ya jikoni na chumba changu cha kazi, friza nyeupe ya kulala, ndefu kiasi kwamba mimi nikitaka naweza kujinyoosha ndani. Kila kinachobaki huingia humo. Mama akishapakua hakai. Sufuria inawekwa kwenye beseni la maji baridi, anakoroga mpaka mvuke uishe. Chakula kinatiwa mifukoni, sahani moja hadi nne kila mfuko, kisha anaulaza mfuko mezani na kuupapasa kwa kiganja hewa yote itoke, maana anasema hewa ndiyo inayokiharibu chakula hata kwenye baridi. Mifuko inaganda imelala. Ikishakuwa migumu anaisimamisha kwa safu kama madaftari. Supu haijazwi mpaka juu, kwa sababu ikiganda hunenepa ikapasua mfuko. Mkate unakatwa kabla, ndizi zilizoiva kupita kiasi zinamenywa na kupondwa, nyanya za msimu zinachemshwa na kusagwa. Na kitu kikishayeyuka chote hakirudi ndani: kinapikwa siku hiyohiyo, hakuna mjadala.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu na napenda utaratibu wangu mwenyewe. Mifuko yake ni ya plastiki nzito isiyoonyesha, na ikipata ukungu wa barafu huwezi kujua upi ni wa maharagwe na upi ni wa supu. Mwaka wa kwanza niliona jambo hilo haliwezekani. Nikanunua karatasi za gundi na kalamu ya wino mzito, nikaandika kila mfuko: jina, tarehe, hata saa. Wiki mbili baadaye karatasi zangu zote zilikuwa zimebanduka, zimelala chini ya friza, wino umechuruzika, husomi kitu.

"Mwanangu," aliniambia akizizoa kwa kiganja, "karatasi haipendi baridi."

Yeye alifungia mifuko yake kwa nyuzi. Alikuja mlangoni kwangu karibu kila siku, akisimama pembeni ili asinizibie mwanga. "Nipe wa kijani, kama shibiri mbili." Kesho yake: "Leo nipe wa kahawia." Nilimkatia nilichokuwa nacho, mguu ungali juu ya cherehani, na moyoni nikasema wazee wana mambo, hata mfuko wa maharagwe sharti upendeze. Leo nikikumbuka hayo, uso unanichoma.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe.

Mwezi mmoja hivi uliopita mama alikwenda kumtembelea mdogo wake kwa siku tatu. Siku ya pili yake mimi nilikuwa na sare za shule sitini za kupiga pasi, na soketi ya chumbani kwangu ikaungua na kutoa harufu. Nikavuta pasi hadi koridoni, nikachomoa waya wa friza, nikachomeka wangu. Nilipiga pasi zile sare hadi mgongo ukaniuma. Nikamaliza, nikakunja, nikachomoa pasi, nikaenda zangu kuoga na kulala. Waya wa friza ulibaki sakafuni.

Asubuhi nilikanyaga maji. Nilipofungua ule mfuniko, roho ilinitoka. Vilivyokuwa juu kabisa vilikuwa vimelegea. Hivyo nilivipika vingine na kuvimwaga vingine, nikavifunika vizuri kwenye pipa la taka asione mtu. Safu za kati zilikuwa bado zina barafu ngumu ndani, lakini mifuko imelowa, mingine imepasuka na kuvuja. Za chini kabisa hazikuwa na habari, zilikuwa zimeshikamana na barafu ya sakafu ya friza kama zilivyokuwa. Nikafanya kazi kama mwizi. Nikahamisha chakula chote cha safu za kati kwenye mifuko mipya, nikakata nyuzi za zamani zilizolowa, nikafunga upya kwa nyuzi za kapuni mwangu, rangi yoyote iliyokuja mkononi, fundo moja hapa, manne pale. Nikapiga deki, nikachomeka waya, na mama aliporudi na kikapu chake cha zawadi, friza ilikuwa inanguruma na mimi naimba kwenye cherehani.

Sikumwambia. Nilijiambia hakuna kilichoharibika cha kutajwa, na ni nyumba yake, na ni friza yake, na mimi ndiye niliyempigia kelele mwaka mzima kuhusu utaratibu. Mume wangu naye sikumwambia, maana hajui kuficha kitu.

Siku ya nne baada ya kurudi kwake, mama alitoa mfuko asubuhi akauweka kwenye bakuli uyeyuke. Alisema mchana tutakula maharagwe. Mchana akaniita jikoni. Nilipokwenda nikamkuta ameshika bakuli la ndizi zilizopondwa.

"Nimechukua ndizi," alisema.

"Basi tutakula ndizi, mama," nikamjibu, tukacheka wote wawili mpaka akajifuta macho.

Baada ya siku mbili alitoa wali ikawa supu. Wiki iliyofuata alitoa mfuko aliosema ni wa sahani nne, ukawa na sahani moja, na mume wangu akashinda na mkate. Safari hii mama hakucheka. Alisimama mbele ya friza mfuniko ukiwa wazi, baridi inamwingia usoni, midomo inacheza. Nikaona amezeeka ghafla. Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikampigia wifi yangu simu nikamwambia, "Wifi, mama ameanza kusahau."

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, karani kwenye hospitali ya mji wa pili. Ni mtu wa mafaili. Akisikia jambo hulifungulia jalada. Jumapili iliyofuata alikuja kula kwetu, na kila mtu alijua amekuja kuangalia. Mama naye alijua. Alivaa gauni lake zuri, akapika nyama kwa mikono yote miwili, na nyama ilipokaribia kuiva akaenda kwenye friza akarudi na kipande cha barafu nyekundu, nyanya, akakitumbukiza moja kwa moja sufuriani kama alivyozoea.

Haikuwa nyanya. Ilikuwa juisi ya tikitimaji, aliyoigandisha tikiti kubwa liliposhindikana kuisha.

Wifi ndiye aliyeonja kwanza. Akatafuna polepole. Akamtazama ndugu yake. Mume wangu akaonja, akameza, akanywa maji glasi nzima. Mimi nikaonja nikaweka kijiko chini. Nyama tamu, tamu ya sukari, yenye pilipili na kitunguu saumu juu yake, sijui niielezeje. Mama alituangalia mmoja mmoja kisha akaonja yeye.

"Tikiti," akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Wifi aliishika mikono ya mama yake juu ya meza akaongea naye kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alisema leo ni tikiti, kesho ni moto aliousahau jikoni. Alisema ana chumba cha ziada kwenye gorofa yake, mama atapumzika, hatagusa sufuria tena. Mume wangu alitaka kubisha, lakini alimtazama mama akisubiri abishe yeye, na mama hakubisha. Mwanamke aliyewahi kumfukuza mwalimu mkuu jikoni kwake kwa upawa aliinamisha kichwa tu na kusema, "Sawa. Kama imefika, imefika." Wakakubaliana ahame Jumamosi.

Hata hivyo, ile nyama hakuimwaga. Aliipoza kwenye beseni kama kawaida, akaitia mfukoni, akaja mlangoni kwangu.

"Nipe uzi mweusi," alisema.

Hakuwahi kuniomba mweusi. Nilimkatia sikumuuliza kitu.

Jumanne alipika wali. Nilipofunua sufuria nilidhani macho yangu yana kasoro. Ulikuwa wali wa watu watatu. Tulipakua sahani tatu, upawa ukakwangua chini, ukaisha. Hapakubaki hata cha paka. Mume wangu alishika sahani yake akaitazama, akanitazama mimi, akashindwa kula. Miaka yote ile tulikuwa tukimtania atupikie kidogo, na siku alipotupikia kidogo tulikaa mezani kama waliofiwa.

Alhamisi mchana uzi ulinikatikia kwenye cherehani. Nilipoinama kuutunga upya, katika ule ukimya, nikasikia sauti yake koridoni.

"Kijani. Mboga ya majani."

Ikafuata sauti ya mkasi. Halafu sauti ya kunusa.

"Kahawia. Maharagwe. Mafundo mawili, sahani mbili."

Mkasi tena. Kunusa tena, kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Nikasogea mlangoni nikachungulia. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya friza, na sinia mapajani lenye mifuko saba. Alikuwa akichukua mfuko mmoja, anashika uzi, anauinua kwenye mwanga, anahesabu fundo kwa ncha ya kidole, anataja, kisha anakata na kufungua na kunusa. Alikuwa anajipa mtihani. Njano, ndizi, ikatoka supu. Bluu, supu, ikatoka wali. Kati ya saba alipata miwili. Baada ya wa saba alizikusanya zile nyuzi, akazinyoosha juu ya goti lake moja moja, akasema, "Basi," kwa sauti ya mtu anayefunga jiko baada ya kazi.

Nami kutoka pale mlangoni niliziona zile nyuzi. Niliona yale mafundo. Fundi cherehani hufunga fundo lake kwa namna moja maisha yake yote, mizunguko miwili na kuvuta kushoto, na yale yote yalikuwa yangu. Kijani, kahawia, njano, shibiri mbili, leo nipe wa bluu: mwaka mzima na zaidi yule mwanamke alikuwa akiandika friza nzima kwa nyuzi nilizomkatia mimi, na mimi niliyafuta maandishi yote kwa asubuhi moja nikiwa na deki mkononi.

Mngetegemea nikimbie nimpigie magoti palepale. Sikukimbia. Nilirudi kwenye cherehani nikakaa. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni alipika vile vyote saba alivyovifungua, kwa kuwa havirudi ndani, na mume wangu alipouliza kuna sherehe gani mama akamwambia ale tu. Nami nikala. Ningeanza wapi? Waya, au taka nilizofunika, au simu niliyompigia wifi? Ijumaa nilijificha nyuma ya wateja. Nilishona siku ile vibaya kuliko nilivyowahi kushona, nikakosea mkono wa kushoto nikauweka kulia, na mwenye nguo akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa.

Jumamosi wifi alifika na gari la kukodi. Dereva alibaki nje akisikiliza redio. Sanduku la mama lilikuwa sebuleni, dogo, limefungwa mkanda, na upawa wake wa mbao ulikuwa juu ya meza, hakuupakia. Mume wangu alijifanya anatengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa bovu.

Mama aliniita. Alikuwa na kopo la biskuti mkononi, akalifungua, ndani mna nyuzi zilizobaki, kila rangi imeviringwa kwenye kipande chake cha kadi.

"Hizi ni zako, zinarudi kwako," alisema. "Sikiliza unishikie. Nyekundu nyanya. Waridi juisi. Kahawia maharagwe. Kijani mboga. Njano ndizi. Nyeupe wali, bluu supu, zambarau mchuzi wa nyama. Fundo ni sahani. Mafundo matatu, sahani tatu. Jikoni shuleni mvuke ulifuta kila tulichoandika, ndipo nikaanza hivi. Wewe ni mtu wa nyuzi, nilidhani umeshalijua hili siku nyingi, nikaona haya kukufundisha kazi yako." Akacheka kidogo. "Ila mimi sasa siziwezi tena. Nazikumbuka hapa mdomoni vizuri kabisa, nikifungua mfuko nakuta vingine. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo."

Alinitazama machoni, hana kinyongo, ananikabidhi jiko. Nikapiga moyo konde.

"Mama, si ugonjwa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilichomoa waya wa friza nikapiga pasi sare, nikasahau. Ulipokuwa kwa mama mdogo. Mifuko ikalowa, nikaibadilisha, nikakata nyuzi zako zote za safu za kati, nikafunga kwa nyuzi zozote. Sikujua ni maandishi. Halafu nikakuficha. Wiki tatu nimekuona ukihangaika na nimekaa kimya, na tangu juzi najua sababu na bado nimekaa kimya."

Jikoni spana ilianguka. Mume wangu akatokea mlangoni. "Ulichomoa waya?"

"Nilichomoa."

Wifi ndiye aliyekuja akanishika bega, na macho yake yalikuwa yamejaa huruma. "Wifi, najua unampenda mama. Lakini usimtungie hadithi ili abaki. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipigia simu."

Hapo nilitamani sakafu inimeze. Nimesema kweli mara moja tu katika wiki tatu, na ndiyo mara ambayo hakuna wa kuniamini.

"Za chini," alisema mama.

Tukamgeukia.

"Amesema alifungua za kati. Za chini zimeshika barafu, hajazigusa." Akamtazama mwanawe. "Lete bisibisi yako."

Mume wangu aliinama ndani ya friza hadi kiunoni, akaibandua mifuko iliyoganda sakafuni, mmoja mmoja, saba. Aliipanga juu ya sinia, myeupe kwa barafu, nyuzi zimesimama ngumu. Mama akaketi kwenye kigoda chake. Akaushika wa kwanza.

"Kahawia, mafundo matatu. Maharagwe, sahani tatu."

Wifi akakata, akafungua, akakwangua barafu kwa kijiko. Maharagwe.

"Bluu, fundo moja. Supu."

Supu.

"Njano, mawili. Ndizi."

Ndizi. Mboga ilikuwa mboga. Mchuzi ulikuwa mchuzi. Wa sita alipoushika sauti yake ilikuwa imeshapanda, sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za masufuria. Wali, sahani mbili, na ulikuwa wali. Wa saba akaupapasa, akafumba macho.

"Nyekundu, mafundo manne. Nyanya. Ni zile ulizoleta wewe mwenyewe, ndoo mbili, zikavuja kwenye gari, ukanuna mpaka ulipoondoka."

Wifi hakufungua. Aliketi chini palepale koridoni, na gauni lake la ofisini, akaweka kichwa kwenye goti la mama yake akalia. Mume wangu alitoka nje kumwambia dereva aende.

Nilikuwa nimesimama na kopo la nyuzi kifuani. Mama alimpapasa wifi mgongoni muda mrefu, kisha akaniinulia macho. Nilimwona amekasirika, na nilifurahi kumwona hivyo, kwa sababu ilikuwa hasira ya Mama Upawa mwenyewe.

"Wiki tatu," alisema. "Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nilikuwa nataja majina ya watoto wa shule, darasa hadi darasa, nione nani ametoka kichwani. Nilikuwa najiaga, mwanangu. Unajua mtu kujiaga?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado."

Akainuka, akachukua upawa wake mezani, akaenda jikoni. Mifuko sita ilikuwa imeshafunguliwa na ilitakiwa kupikwa. Kutoka chumbani kwangu nilisikia sufuria kubwa ikiteremshwa kutoka juu ya kabati, ile ambayo siku zile zote haikuteremshwa, nikasikia mchele ukipimwa: kimoja, viwili, vitatu. Ikafuata kimya kifupi. Halafu vitano vingine, kwa mfululizo, bila haya.

Tulikula saa nane mchana, wanne. Kulikuwa na wali, maharagwe, mboga na mchuzi wa zambarau, na wifi alikula hadi akalegeza mkanda. Kwangu hakukuwa na sahani. Nilikaa mikono mapajani, nikidhani ndiyo hukumu, na nikaikubali. Kisha mama akatoka jikoni na bakuli moja, linafuka moshi, akaliweka mbele yangu. Pembeni ya bakuli alilaza uzi mweusi wenye fundo moja.

Harufu ilinifikia kabla sijaangalia. Nyama, pilipili, kitunguu saumu na tikitimaji.

Mume wangu alianza kutikisika mabega. Wifi akajiziba mdomo kwa leso.

"Nilikiweka bila kujua namwekea nani," alisema mama, akivuta kiti chake karibu na changu. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, mzito, bado una harufu ya maharagwe. "Kula, mwanangu. Nyumba hii haitupi kitu."

Nililia na kula kwa wakati mmoja, na nilikula mpaka chini ya bakuli.